Nani Kamzaa Sitini

Kutaisi, Alhamisi, theluji imegoma kuyeyuka.
Duka la saa la Nugzar hufungwa saa kumi na mbili jioni,
ingawa ukutani saa arobaini
hazijawahi kuafikiana kwamba ni saa kumi na mbili.
Humo ndimo tunamokaa, watu watano kwa jiko moja la kuni,
mkate wa jibini, mtungi wa divai,
na sheria moja tu: ni marufuku
mtu kueleza kichekesho chake.

Nugzar huanza. Alifundisha fizikia
hadi shule ilipoishiwa na mishahara.
"Leo nimesukuma ukuta tangu asubuhi.
Haukusogea hata unywele.
Fizikia inasema sikufanya kazi yoyote.
Mke wangu, ambaye hakusoma fizikia,
amepata jibu lile lile."

Tsiala wa duka la dawa hungoja kicheko kipoe.
"Kichocheo ni shangazi wa posa.
Huingia, mambo yakaenda mbio,
hutoka vile vile alivyoingia,
ukiacha ile sahani chini ya shali."

Otia, fundi viatu wa mlango wa pili,
hucheka baada ya wenzake, kama ngurumo baada ya umeme,
nasi huhesabu sekunde kwa vidole
tujue yuko umbali gani na kichekesho.
Wiki iliyopita alikuwa karibu na Batumi.

Mzevinar hasimulii. Hutangaza, kama vile darasa lingali mbele yake:
"Sifuri alialikwa karamuni.
Akajizidisha na kila mgeni, mmoja mmoja,
hata mezani wakabaki yeye na bili."
"Na bili je?" Otia, kwa wasiwasi wa kweli.
"Nayo akaizidisha. Ni sifuri, mwanangu, si mjinga."

Kisha wananigeukia mimi, mwanafunzi wa udaktari,
Kigeorgia changu kikichechemea kama kiti cha miguu minne
(cha miguu mitatu hakichechemei,
Mzevinar alishanisahihisha).
Nawapa pembe: kwetu ya ng'ombe na ya jiometri ni neno moja,
kwa hiyo pembetatu ni mnyama wa kukimbiwa;
pembe kali hukuchoma, pembe butu hukusukuma tu.
Wanacheka. Navimba kichwa.
Nasema: na zile namba zisizogawanyika
ila kwa moja na kwa zenyewe,
mbili, tatu, tano, saba,
sisi tunaziita tasa.

Hawakuelewa. Nikavunja sheria, nikaeleza neno.

Tsiala akatazama ndani ya kikombe chake.
Kuni zikapasuka. Saa arobaini zikasikika zote.
Hakuna aliyewahi kuniambia, lakini nilikuwa na macho:
miaka thelathini na mmoja ya watoto wa wenzake,
picha zao zimejaa sebuleni kwake,
na hakuna hata mmoja mwenye pua yake.

Mzevinar akachukua chaki ya Otia, ya kuchorea ngozi,
akaandika mezani, kati ya makombo: 60.
"Nani kamzaa sitini?"
Kimya. Akaandika mwenyewe:
mbili, mbili tena, tatu, tano.
"Sabini na saba?" Saba, kumi na moja.
"Elfu moja na moja?" Saba, kumi na moja, kumi na tatu.
"Leteni namba yoyote. Chimbueni ukoo wake.
Mtawakuta hawa hawa, chini kabisa, wametulia.
Mwambie aliyewapa jina hilo
kwamba aliangalia wanavyogawanyika.
Hakuangalia wanavyozidisha."

"Na moja?" akauliza Otia.

Akafikiri, chaki shavuni.
"Moja ni mkunga. Humpokea kila mtu
na hambadilishi yeyote."

Otia akacheka pale pale, peke yake,
sisi bado midomo wazi:
ngurumo ya kwanza niliyoisikia ikitangulia umeme.
Mzevinar akaifuta sitini kwa kiganja,
akanimiminia divai hadi ukingoni.
"Alama nusu," akaniambia.
"Umeeleza."